Spesa Mbili Chini ya Usukani

Fundi wa pikipiki alimpigia mume wangu simu kumwuliza mikono yangu ina urefu gani.

Nilikuwa nimesimama mbele yake. Mikono yenyewe nilikuwa nayo, yote miwili, mmoja umemshika mtoto kiunoni na mwingine umeshika pakiti ya spesa za kuinulia usukani nilizoagiza kutoka Mombasa. Yule bwana alinipa mgongo, kidole kakitia sikioni, akapiga kelele: "Mzee, huyu mama mikono yake ni mirefu ama ni ya kawaida? Nataka kujua usukani niusogeze kiasi gani."

Mume wangu ni mpishi katika hoteli moja Watamu na saa hiyo alikuwa kazini. Nilisikia sufuria zikigongana, kisha nikamsikia akijibu, "Ya kawaida, nafikiri."

Nafikiri! Mtu anayelala ubavuni mwangu.

Subira yangu iliishia hapo. Nilikuwa nimekwisha kufika kwenye kibanda kile cha mafundi, hapa Malindi, kabla ya siku hiyo nikaambiwa nimlete mwenye pikipiki. Nikasema mwenye pikipiki ni mimi. Fundi akatabasamu kama mtu aliyeambiwa na mtoto kuwa yeye ni rubani, akasema, "Sawa mama, lakini mzee yuaja lini?" Nikarudi tena, nikaambiwa fundi ametoka, na miguu yake naiona chini ya gari. Haya yote niliyameza. La mikono lilinikwama.

Nilimwendea nikamtia mtoto kifuani. "Shika."

"Mama, nina grisi!"

"Grisi yatoka kwa sabuni. Shika."

Nikapanda pikipiki, nikashika usukani, nikageuza uso. "Mikono ndiyo hii. Haya, pima."

Kibanda kizima kilicheka. Mmoja aliyekuwa akiziba pancha akaita, "Fundi, leo umepandishwa cheo, umekuwa yaya!" Mwingine akamwambia, "Mwimbie basi, atalia!" Mwanangu hakulia. Alikuwa akiitazama kofia ya fundi kwa makini, na mkono wake akaupeleka palepale penye grisi. Yule bwana, naye ni baba mwenye watoto, alikata simu bila kuaga, akaniambia kwa sauti ndogo, "Nyoosha mgongo, mama. Kaa vile wataka kukaa ukienda safari."

Yalikuwa maneno ya kwanza ya maana kuniambia.

Nieleze pikipiki yenyewe, maana si kama zile za boda. Ni kubwa, ya safari ndefu za lami, ina kioo cha kuvunja upepo mbele na masanduku mawili magumu pembeni. Anayeiendesha huinama kidogo kwenda mbele kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Niliinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake Malindi arudi kwao. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi ya mapokezi kwa jirani yake. Watu walidhani nimemnunulia mume wangu. Mume wangu haipendi, anaiogopa, na hilo halinisumbui. Mimi nilijifunza kuendesha nikiwa bado shule ya upili, kwa pikipiki ya baba, kwenye vilima vya Rabai, ambako breki usipoijua utaijua.

Pikipiki hii ndiyo duka langu. Masanduku yale nayajaza uzi, zipu, vifungo, lastiki na bitana, nawapelekea mafundi cherehani kutoka Gede hadi Kilifi, na siku nyingine hadi Mariakani. Cherehani ikiishiwa na uzi wa rangi ya sare za shule wakati shule zakaribia kufunguliwa, fundi hangoji basi. Hunipigia mimi.

Kisha nikajifungua, na baada ya kujifungua vifundo vya mikono vikaanza kuniuma, upande wa kidole gumba, wa kushoto zaidi. Kufungua mtungi wa mafuta ya kupikia nikawa nahitaji msaada. Nesi wa kliniki alinishika gumba, akalikunja, nikaruka. Akasema kina mama wengi hupata, ni kwa sababu ya kumwinua mtoto namna ileile kila mara. "Pumzisha mikono," akaniambia.

"Na mtoto ataniinulia nani?"

Akacheka. Mie sikucheka.

Juu ya pikipiki ndiko kulikokuwa kubaya. Ukiinama vile, uzito wa kifua wote hukaa juu ya viganja. Nilikuwa nikifika daraja la Kilifi vidole vimekufa ganzi, nasimama kando ya barabara nikipepeta mikono kama kuku aliyenyeshewa. Mavyaa, mama yake mume wangu, akapata la kusema. Alikuwa nalo tangu mwanzo, sasa likapata miguu. "Mwanamke anyonyeshaye na dude lile? Uzeni." Na mnunuzi alikuwapo, bwana mmoja wa Mariakani mwenye malori, aliyempigia mume wangu simu kila mara kama anayejulia hali mgonjwa anayetarajia kumrithi.

Mume wangu si mtu wa ugomvi. Jioni moja akaniambia, "Umesema kuna vitu vya kuinua usukani. Tuvijaribu. Vikikataa, tuuze. Sawa?"

Nikasema sawa. Nikaingia chooni nikafungulia maji nisisikike.

Kwa hiyo zile spesa nilizokuwa nimezishika siku ile kibandani hazikuwa mapambo. Ni vitu vidogo mno, vipande viwili vya aluminiamu, kimoja chaenea kiganjani. Huwekwa chini ya vile vishikio vinavyoubana usukani, bolti ndefu zikapita katikati. Usukani hupanda kama upana wa vidole viwili na kukujia nyuma kidogo, nawe unakaa wima. Basi. Maisha yangu yalikuwa yamesimama juu ya vitu hivyo.

Fundi akamkabidhi mtoto kwa yule wa pancha, akafanya kazi. Na sitamsingizia: bolti zake anazijua. Alifungua vishikio, akafuta vumbi na chumvi ya pwani iliyokuwa imeganda, akaweka spesa, akakaza kwa zamu upande huu na upande ule asije akapinda kitu. Akaniambia, "Panda, mama."

Nikapanda. Mgongo ukanyooka. Viganja vikakaa juu ya mipini vikiwa vyepesi, kama vimewekwa tu pale kupumzika. Nilibana klachi, nikaachia, nikabana tena. Gumba halikulalamika. Nilifumba macho nikapumua pumzi ambayo nahisi nilikuwa nimeibana tangu siku ya leba.

"Vipi?" fundi akauliza.

"Nyamaza kidogo," nikamwambia, "naonja."

Sasa, kibandani pale wana desturi yao, wanaiita kuitoa pikipiki. Kazi ikiisha, mwenyewe hupewa ufunguo mbele ya watu, anatia moto, anaingia barabara kuu na kwenda kasi hadi Gede, anageuza, anarudi. Ikirudi bila kelele, wanapiga makofi, soda zinaletwa, kazi imekwisha. Mume wangu alikuwa amefika kutoka kazini, bado ananuka vitunguu. Nikanyoosha mkono nipewe ufunguo. Fundi akanipita akampa yeye.

"Mwenye pikipiki ni mimi!"

"Mama, kuitoa ni kazi ya mwenye nyumba. Wewe utaiendesha maisha yako yote, mwachie na yeye leo."

Wakacheka. Mume wangu alinitazama kwa macho ya kuomba radhi, na huku mkono umekwisha kuupokea ufunguo. Aliondoka amejikaza kama aliyebeba trei ya mayai. Aliporudi macho yalikuwa yakimtoka machozi ya upepo. "Iko sawa kabisa," akasema. Makofi. Soda. Akaiendesha hadi nyumbani, akaiingiza uani, akaiegesha ikitazama ukuta.

Asubuhi ilikuwa zamu yangu. Mamangu alikuwa ametoka Rabai kuja kunisaidia na mtoto, na walikuwa wote wawili juu ya mkeka karibu na lango, yeye akichambua mchicha, mtoto akijaribu kuula mbichi. Nilitia moto, nikabana klachi, nikatia gia ya kwanza. Ua wetu ni mdogo. Kutoka lazima uugeuze usukani kushoto hadi mwisho, uzunguke tangi la maji, ndipo utazame lango.

Nikaugeuza hadi mwisho. Injini ikapiga ukelele.

Mafuta sikuyagusa. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea, umewekwa tu. Lakini injini ilikuwa ikipanda, ikinguruma kama mtu ameminya mafuta yote kwa hasira, na gurudumu la mbele lilikuwa limeelekea mkekani. Kilichoizuia isiruke ni vidole vyangu vya kushoto juu ya klachi, basi. Mkono ule mbovu. Kwa ukaaji wa zamani usingebana klachi muda wote ule, najua, ungeachia. Nikapeleka gumba la kulia kwenye swichi nyekundu, nikazima.

Kimya. Kuku wa jirani akaanza tena kuongea.

"Mwanangu," mamangu akasema bila kuinua kichwa, "mbona yapiga kelele nawe huendi?"

"Naipasha moto, mama."

"Basi ipashe ikiangalia kule."

Nilishuka, nikaiegesha, nikakaa chini palepale kwenye mchanga. Nilimwangalia mtoto ana jani la mchicha mdomoni, mzima, mchafu, amekasirika kwa sababu halina ladha, nikacheka na kulia kwa pamoja, na mamangu akadhani ni maziwa yamenipanda kichwani.

Nilipoweza kusimama nikaiweka juu ya stendi ya katikati, gia nimeitoa, nikaijaribu tena peke yangu. Kulia, salama. Katikati, salama. Kushoto hadi mwisho, ukelele. Nikachungulia nyuma ya kioo. Waya wa mafuta ulikuwa umekazwa kama kamba ya nguo iliyobebeshwa blanketi bichi.

Kosa lenyewe ni la watu waliozoea boda. Pikipiki za boda nyaya zao zinaning'inia mbele, ndefu, zina nafasi ya kutosha. Hata ukiinua usukani kidogo, hazijali. Yangu nyaya zimepimwa kiwandani na kufichwa ndani, hazina hata kidole cha ziada. Ukiinua usukani unazivuta. Ukienda mbele hutajua. Ukigeuza hadi mwisho, waya unajivuta wenyewe na mafuta yanafunguka. Na lami ya kutoka Malindi hadi Gede imenyooka, na mume wangu, kwa kuogopa kuiangusha, alikuwa amegeuza kwenye uwanja mpana wa kituo cha petroli kwa mduara wa lori. Wote walipiga makofi na hakuna aliyeugeuza usukani ule hadi mwisho, si yeye, si fundi.

Nilimwachia mamangu mtoto nikapanda boda hadi kibandani.

"Haiwezekani," fundi akasema. "Mzee aliitoa mwenyewe, akasema iko sawa."

"Twende ukaione."

"Mama, labda ulishika mafuta bila kujua. Hutokea, kwa wageni."

"Fundi. Utakwenda kwa miguu yako ama nikubebe?"

Wa pancha akasema, "Nenda tu, ndugu yangu, huyu atakubeba kweli."

Alikuja. Nikatia moto, pikipiki ikiwa juu ya stendi, nikamwambia ageuze yeye. Akaugeuza kulia, akanitazama kana kwamba kesi imekwisha. "Na kushoto," nikasema. Injini ilipolia aliruka nyuma, kisha akaurukia ufunguo. Akautazama waya. Akanitazama mimi.

"Ilikuwa kwenye gia?"

"Ya kwanza."

"Na mtoto alikuwa wapi?"

Nikamwonyesha mkeka. Ulikuwa bado umetandikwa.

Akaivuta ndoo, akaipindua, akakaa juu yake. Sikumtukana. Nilikuwa nimeyapanga matusi njia nzima, mazuri tu, ya Rabai na ya Malindi, lakini sura yake ilinitangulia. Baadaye akainuka, akavua zile plastiki za pembeni, akaupitisha waya upande wa pili wa shingo ya pikipiki ambako njia ni fupi, akafungua kibanio kilichoshika paipu ya breki, kwa maana nayo ilikuwa imeanza kukazwa. Tukawasha. Akanipa usukani mimi. Kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, tena, tena. Injini ilibaki palepale, sauti moja, kama mtu anayesoma mwenyewe polepole.

Nilihisi mabega yangu yakishuka mahali pake.

Akiwa anakusanya spana zake akasema, "Mama, imekwisha. Tusiyafikishe chamani." Alimaanisha chama cha mafundi wa kibanda kile, chenye mwenyekiti na katibu. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Si kwa ajili yangu tu. Ukisema pale, mzee atasikia. Mama yake atasikia. Na pikipiki itauzwa. Nayajua, mzee huniambia."

Hapo alinishika. Alisema kweli. Nilikuwa nimepata mikono yangu, nimepata duka langu, hakuna aliyeumia, na mamangu hakuelewa alichokiona. Kilichotakiwa ni mimi kufunga mdomo.

Niliufunga. Nikapakia masanduku nikaenda Kilifi, na nawaambia kweli, ilikuwa safari tamu kuliko zote nilizowahi kuendesha. Mgongo wima, upepo kifuani, vidole vyote hai. Nilifika kwa wateja wangu wakaniuliza nina habari gani njema, wakadhani nina mimba nyingine.

Kisha nje ya duka la mwisho nikaona boda imeegeshwa, usukani wake umeinuliwa juu sana, kama pembe za ng'ombe, vile vijana wanavyopenda siku hizi. Mbele ya dereva, juu ya tangi, kulikuwa na mtoto wa shule ya chekechea na begi lake. Sikujua nyaya zake ziko vipi. Labda ni ndefu, labda hakuna tatizo. Lakini nilijua jinsi zinavyotolewa, kwa makofi na soda. Utamu wote wa safari ukanitoka.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nilimwambia kabla hajavua viatu. Nilimwambia yote: gia ya kwanza, mkeka, klachi. Alikaa na kiatu kimoja mkononi.

"Na niliyeitoa ni mimi," akasema. "Niliogopa kuikunja. Nikaenda mbele tu kama ng'ombe."

"Mama yako atasema tuiuze."

"Atasema."

"Wewe je?"

Akakiweka kiatu chini. "Mimi nitauzaje kitu kisicho changu? Nenda chamani kaseme." Akachukua simu, akampigia yule bwana wa malori mbele yangu. "Bwana mkubwa, shikamoo. Ile pikipiki sahau, tafuta nyingine. La, si suala la bei. Mwenyewe amekataa."

Mwenyewe. Nilikwenda kumwekea chakula ili asinione uso.

Mavyaa alipopata habari alisema yote aliyokuwa nayo, kisha akaninunia asiniongeleshe kwa siku nyingi, nami nikapumzika vizuri sana.

Chamani mlalamikaji husimama na mlalamikiwa huwapo. Fundi alikuwapo, kofia ameivua, mtoto wangu akimnyooshea mikono kutoka mgongoni kwangu. Mwenyekiti, mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza, "Mwanangu, wadai fidia?"

"Sidai."

"Wataka huyu afukuzwe?"

"La. Ndiye fundi wangu."

Wakacheka, hata fundi kidogo. "Basi wataka nini?"

Katibu alikuwa akiandika polepole, kwa hiyo nami nilisema polepole, na hivi ndivyo nilivyosema:

"Nalalamika kwamba pikipiki yangu iliinuliwa usukani katika kibanda cha chama hiki, ikatolewa bila mtu yeyote kuugeuza usukani huo hadi mwisho injini ikiwaka. Waya wa mafuta ulikuwa umekazwa, ikajitia mafuta yenyewe nyumbani kwangu, ikiwa kwenye gia, imewaelekea mamangu na mwanangu. Nalalamika pia kwamba ufunguo alipewa mtu asiyeiendesha, kwa sababu tu ni mwanamume. Nataka chama kiamue leo kwamba kila pikipiki itakayoinuliwa usukani hapa igeuzwe kushoto na kulia hadi mwisho, injini ikiwaka, na wa kuigeuza awe yule atakayeiendesha. Na zile mlizokwisha kuzitoa, ziiteni zirudi."